Dini ya "isije ikawa": jinsi ya kupiga hesabu ya unacholipa

Kuna sentensi nimeisikia kwa kinyozi, kwa bosi, kwa dereva wa bodaboda, kwa shangazi zangu wote, na siku moja nikaisikia inatoka mdomoni mwangu mwenyewe namwambia mdogo wangu: "We nenda tu, kwani unapoteza nini? Mungu akiwepo umepona, asipokuwepo hujapoteza kitu." Na mimi ni mhasibu. Yaani mtu ambaye kazini akiletewa risiti ya maji ya buku mbili haina muhuri anairudisha, ndiye nazunguka nawaambia watu kuna kitu unakifanya kila wiki miaka na miaka na gharama yake ni sifuri.

Basi huu ni mwongozo wa kuipiga hiyo hesabu. Niseme mapema haumhusu anayeamini. Anayeamini akitoa fungu la kumi anajua anampa nani, akiamka alfajiri kuswali kuna kitu anakipata palepale kwenye mswala, hiyo ni yake na Mola wake, mimi simo. Haumhusu pia aliyeacha zamani na analala usingizi wake vizuri. Namwandikia yule wa katikati, ambaye ukimbana sana anakwambia "sijui bana, ila isije ikawa". Tupo wengi kuliko mnavyodhani na wengine tuko kwenye kwaya, sauti ya tatu.

Hoja yenyewe ina wenyewe. Wazungu wanaiita dau la Pascal, kwa sababu aliyeivalisha suti ni Blaise Pascal, Mfaransa, fundi wa hesabu kwelikweli, kazaliwa 1623 kafa 1662 akiwa na miaka 39, na maandishi yake yakachapwa 1670 mwenyewe yuko kaburini. Kwa Waislamu Imam Ghazali aliyefariki 1111 naye alishaieleza hoja ya namna hiyo mapema sana. Pascal anasema weka dau kwamba Mungu yupo, ukishinda umepata vyote, ukishindwa hujapoteza chochote. (Huyuhuyu Pascal ndiye babu wa daladala, nachomekea tu. 1662, miezi michache kabla hajafa, alianzisha Paris magari ya farasi yanayopita njia maalum, abiria wanapanda pamoja, nauli soli tano. Na sisi daladala jina lake limetoka kwenye dala, shilingi tano. Nikigundua hilo nilicheka peke yangu kwenye mwendokasi.)

Ila kuna kitu wanaoitumia hiyo hoja hawakisemi. Pascal mwenyewe hakuwa anacheza dau. Usiku wa tarehe 23 Novemba 1654 alipatwa na jambo la kiroho, akaliandika kwenye karatasi, akaishonea ndani ya koti lake, akawa anatembea nayo mpaka alipokufa ndipo wakaikuta. Huyo ni mtu aliyeungua. Dau alikuwa anatuuzia sisi.

Tafuta daftari

Usitumie simu. Simu ina wasapu, utaanza kuandika sadaka utajikuta unaangalia video ya harusi ya mtu Mwanza usiyemjua. Nunua kaunta buku, saizi ya kwaya mbili inatosha, na uiweke mahali ambapo mwenzako haisomi mpaka utakapokuwa tayari.

Andika kwa miezi mitatu. Mwezi mmoja hautoshi, unaweza ukaangukia kwenye Mavuno au Ramadhani ukapata picha ya uongo. Kila kitu unachokifanya kwa jina la dini kinaingia: tarehe, ni nini, shilingi ngapi au saa ngapi, halafu pembeni herufi moja. I ni imani. W ni watu. H ni hofu.

Hapo kwenye herufi ndipo kazi ilipo kwa hiyo usikimbie. Jiulize hivi: leo nikihakikishiwa kabisa, bila shaka yoyote, kwamba nikifa hakuna atakayeniuliza, hiki nitaendelea kukifanya? Kama utaendelea kwa sababu mama atalia au majirani wataongea au hutaki kukosa watu wa kukuzika, hiyo ni W. Kama utaendelea kwa sababu unakipenda chenyewe, kinakutuliza, unaongea na Mungu wako na unajua unaongea naye, hiyo ni I. Kama ungekiacha dakika hiyohiyo ukaenda kulala, H. Na herufi unaiandika siku hiyohiyo kabla hujalala. Ukisubiri kesho akili inakuwa imeshakutafutia sababu nzuri, kila kitu kinakuwa I.

Pesa

Hii ndiyo rahisi, sasa hivi karibu kila kanisa lina lipa namba ukutani, kwa hiyo stetimenti ya simu itakuonyesha mpaka ulichokuwa umesahau. Yangu ilikuwa hivi. Nilianza kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi kwa mshahara wa 850,000 mkononi, mshahara ambao kwa miaka sita haukupanda hata senti lakini hiyo ni habari nyingine. Wa kwanza ulienda wote, malimbuko. Mwezi ule nilikula kwa shemeji, na mwenye nyumba nikamwambia nimefiwa. Baada ya hapo fungu la kumi 85,000 kila mwezi kwa miezi 71, jumla 6,035,000. Ahadi ya ujenzi 300,000 kila mwaka, 1,800,000. Ukijumlisha na malimbuko ni 8,685,000, na hapo sijaweka sadaka za kawaida, shukrani za birthday, wala mchango wa maiki mpya ambazo mpaka leo zinakoroma.

Malimbuko na fungu la kumi niliandika H bila kusita, maana nakumbuka nilivyokuwa nikifunga ile bahasha. Bahasha yangu ilikuwa na namba, 214, na nilikuwa naitoa siku ya mshahara kabla sijanunua hata mchele, si kwa furaha, ila kwa sababu nilisikia mahubiri ya kitabu cha Malaki, yale ya kumwibia Mungu fungu la kumi, nikiwa na miaka kumi na moja na tangu hapo nikichelewesha naona kabisa pikipiki itanigonga. Sita milioni laki nane na themanini na tano za kukwepa pikipiki. Wakati huohuo kulikuwa na kiwanja Chanika cha milioni sita na nusu, nimekizunguka mara tatu na dalali, nikamwambia sina hela. Sikumdanganya, kweli sikuwa nayo.

Ahadi ya ujenzi ni W. Na mnada baada ya ibada ni W na nitausifia, asikwambie mtu. Mzee wa kanisa kashika mkungu wa mshare begani, anakuona umejificha nyuma ya nguzo, "mhasibu wetu paleee, elfu thelathini!", watu wote wanageuka, unacheka, na ukishacheka umenunua. Soko la ndizi Mabibo ningeupata kwa nusu ya hiyo. Lakini narudi na bodaboda nimekumbatia mkungu kama mtoto, siku imekuwa nzuri, sijaibiwa. Ndiyo maana nasema herufi ni muhimu kuliko kiasi, ukijumlisha tu bila herufi utaishia kuwachukia watu ambao hawajakukosea.

Kwa Mwislamu hesabu ya zaka iko wazi zaidi, asilimia 2.5 ya mali iliyofika nisabu na ikakaa mwaka, na nisabu ni thamani ya gramu 85 za dhahabu. Rafiki yangu wa Tanga nilimpa mbinu ya daftari akagundua zaka hata hadaiwi, hana kitu. Kinachommaliza ni hitima ya marehemu baba yake kila mwaka, ng'ombe mzima, mchele magunia, anakopa Shaabani analipa mpaka Mfunguo Sita. Nilipomuuliza ni nguzo ya ngapi hiyo akaniangalia tu.

Usiandike bei ya kikombe ukasahau nauli

Wote waliokuwepo 2011 wanamkumbuka Babu wa Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kijiji cha Samunge, kikombe kimoja cha dawa jero. Mia tano! Mjomba wangu alikuwa mtu wa kucheka waganga, mtu wa sayansi, fundi redio. Akasema "jero bana, kwani napoteza nini, isije ikawa ndiyo yenyewe". Kisukari kilikuwa kinamsumbua.

Sasa hesabu. Nauli mpaka Arusha. Nafasi kwenye Land Cruiser kutoka Arusha, zile nauli zilikuwa zinapanda kila asubuhi. Foleni ya magari kilomita na kilomita porini, analala ameketi, maji ananunua bei anayotajiwa. Kibanda chake cha ufundi kimefungwa siku tisa. Alirudi na vumbi mpaka ndani ya masikio na deni la laki tatu na ishirini, amekunywa jero. Na kibaya zaidi, kwa sababu ameshakunywa akaona akiendelea na vidonge vyake itakuwa kama amekosa imani, imani ambayo hakwenda nayo, akaviacha wiki kadhaa mpaka shangazi alipomkalia kooni. Kuna wengine waliacha ARV. Kuna waliofia kwenye foleni ileile.

Kwa hiyo kwenye daftari kila kitu kiandike na nauli yake. Mkesha wa Ijumaa ni bure mlangoni, ila kuna bajaji ya saa kumi alfajiri, kuna Jumamosi nzima uliyolala, kuna kanga ya sare, kuna mtu aliyekukalisha mbele ukaona aibu kuondoka. Kufunga siku arobaini ni bure, muulize mwenye vidonda vya tumbo.

Muda

Nitapita haraka. Jumapili kutoka nyumbani mpaka kurudi ni masaa matano, Jumatano masaa mawili, jumuiya Jumamosi asubuhi lisaa limoja na nusu. Jumla masaa nane na nusu kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka, masaa 408. Wiki ya kazi kisheria hapa Tanzania ni saa 45, kwa hiyo ni wiki tisa za kazi kila mwaka. Gawanya kwa herufi. Zangu W ilikuwa kama nusu, I haikufika robo, zilizobaki nilikuwa nimekaa pale naangalia feni.

Safu ya vitu ambavyo hukufanya

Hapa ndipo watu wanapofunga daftari. Pesa na muda vina risiti, hivi havina, na ndivyo vikubwa. Chukua ukurasa mpya, andika juu "nilitaka, nikaogopa", halafu kaa nao hata wiki mbili, usiulazimishe.

Wangu una mistari minne. Mitatu ni yangu. Wa nne nitauweka hapa.

Nilikuwa na binti wa Kiislamu, miaka mitatu, tulikutana kazini yeye akiwa kaunta ya rangi. Alikuwa anachanganya rangi kwa macho, mteja akileta kipande cha ukuta anakitazama anasema "hii ni cream na tone mbili za kahawia", na inakuwa. Dini haikuwahi kutugombanisha, yeye anafunga mimi namnunulia futari, Krismasi anakuja na pilau. Suala la ndoa lilipofika yeye ndiye alileta suluhisho, ndoa ya bomani, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu kabisa, mnaandikisha notisi mnasubiri siku 21, kila mtu anabaki na dini yake. Kaka yake alishakubali. Mama yangu nadhani angelia mwezi mmoja halafu angezoea.

Mimi ndiye nilikataa. Nilimwambia siwezi kuoa nje ya imani yangu. Akaniuliza swali moja, "imani ipi?", hakuuliza kwa hasira, aliuliza kama mtu anayeuliza rangi ipi, kwa sababu yeye ndiye pekee niliyekuwa nimemwambia usiku mmoja kwamba mimi sidhani kama kuna mtu anasikiliza zile sala. Sikuwa na jibu. Ukweli ulikuwa kwamba isije ikawa. Isije ikawa nimeoa hivyo, halafu siku ile naulizwa. Sasa hivi ana watoto wawili yuko Muheza na nasikia amefungua duka lake la rangi.

Mkristo aliyeamini angeweza kumwacha kwa sababu hiyohiyo, na ingemuuma, lakini angekuwa amemwacha kwa ajili ya kitu. Mimi nilimwacha kwa ajili ya labda. Ule mstari niliuandika H na kalamu ilitoboa karatasi.

Uongo nao una safu

Mama yuko Machame. Kila Jumapili saa mbili usiku anapiga, shikamoo mama, marahaba baba, "leo mmesoma neno gani?" Miaka miwili ya mwisho nilikuwa naruka Jumapili nyingine nalala, lakini neno lazima niseme, kwa hiyo nilikuwa naangalia kalenda ya ukutani yenye masomo ya kila Jumapili, nasoma, naongeza na kahadithi kadogo ka mahubiri ya kutunga. Nilikuwa nayatunga vizuri jamani, mengine afadhali kuliko ya mchungaji. Siku moja nikakosea mstari nikasoma wa chini. Mama akanyamaza kidogo akasema, "Hilo ni la Jumapili ijayo, baba." Halafu akaanza kuongelea mvua.

Kila uongo wa namna hiyo uandike. Sio kwa sababu ni dhambi, hapa hatuhesabu dhambi, ila kwa sababu kila ukidanganya kuna mtu mmoja zaidi ambaye hakujui. Dini ya isije ikawa huwezi kuifanya bila uongo, maana ukisema wazi "mimi nipo hapa kwa tahadhari" utaombewa mpaka uanguke. Kwa hiyo unaigiza kwa mchungaji, kwa mama, kwa mke, unawaigizia watoto wanakua wanakuangalia. Kuna mzee kazini kwetu aliniambia ameigiza miaka thelathini na hajui akifa watoto watamlilia nani.

Soma masharti ya bima

Wengi tunajitetea kwamba ni kama bima tu, unalipa ukiombea isitokee. Haya, mimi nimeshika bima za magari ya duka miaka, tuongee bima.

Kitu cha kwanza bima inatakiwa ikupe usingizi. Ukikata komprehensivu unapaki gari nje unalala. Sasa jiulize wewe na dini yako ya tahadhari unalala? Mimi nilikuwa nalipa kila kitu na bado radi ikipiga nahesabu.

Cha pili soma masharti, yale maandishi madogo. Kwa Wakristo yako Ufunuo sura ya 3 kwa kanisa la Laodikia, la vuguvugu, si baridi wala si moto, linatapikwa. Baridi ana afadhali kuliko wewe! Kwa Waislamu hadithi ya kwanza kabisa wanayofundishwa watoto ni kwamba amali zote zinalipwa kwa nia, na neno munafiki halina sifa nzuri popote ndani ya Qurani. Yaani kampuni imekuandikia kabisa kwamba mteja wa aina yako hatumlipi, na wewe unaendelea kulipia kila mwezi. Kazini ningeleta mkataba kama huo ningefukuzwa.

Cha tatu kampuni ipi. Mfaransa mwingine, Diderot, karne iliyofuata alimjibu Pascal kwamba hata imamu anaweza kusema maneno hayohayo. Dar hiyo hatuhitaji kusomewa, tunaishi nayo. Jirani yangu muuza spea, mlangoni ana stika ya upako, chini ya kaunta ana irizi aliyopewa Sumbawanga, kwenye friji kati ya soda kuna chupa ya kombe aliyoandikiwa na shehe. Nilimuuliza akasema "zote kinga". Analipia kampuni tatu, mbili kati yake zimeandika wazi kwamba ukikata na kwa mwenzangu mimi sikujui. Njia mbili zilimshinda fisi, huyu yuko kwenye ya tatu anatafuta ya nne.

Pascal kuhusu hili alikuwa na jibu, tumtendee haki. Alijua huwezi kujilazimisha kuamini, akasema fanya kama wanavyofanya wao, chukua maji ya baraka, somesha misa, polepole imani itakuja yenyewe. Na kuna watu kwao inakuja, nawajua. Ila mpe muda unaoeleweka. Mimi nilimpa miaka sita na wiki tisa kila mwaka, nadhani sikumnyima nafasi.

Yaliyorudi

Mhasibu asiyeandika mapato ni mwizi, kwa hiyo ukurasa wa upande wa pili andika ulichopata. Baba yangu alipofariki Dar, kabla sijamaliza kupiga simu ya tatu akina mama wa jumuiya walishafika na masufuria yao. Turubai, viti, kwaya, mtu wa kukaa na mama usiku asilale peke yake, rambirambi iliyosafirisha mwili mpaka Machame na ikabaki ya kununulia saruji ya kaburi. Wengine walisafiri nasi usiku kucha na asubuhi wakashika jembe. Hiyo huwezi kuinunua na hakuna bima inayoitoa.

Lakini angalia, hiyo yote ni W. Haikuja kutoka mbinguni baada ya kufa, ilikuja na kina mama Neema na masufuria, na niliipata kwa sababu na mimi nilikuwa naenda kwao. Kwa hiyo unaweza kuilipia waziwazi, kwa jina lake. Tatizo ni kwamba tumezoea kuficha W ndani ya H, tunaogopa tukiacha moja yote inaondoka.

Na wakati mwingine kweli inaondoka, tusidanganyane. Kuna sehemu usipoonekana jumuiya na michango haisomeki, siku yako ikifika mchungaji haji, mnazikwa na wazee wawili na wimbo wa kuanzisha wenyewe. Kabla hujapunguza chochote kaulize taratibu za mahali pako, muulize katibu, sio grupu la wasapu. Uliza kama mtu anayemuulizia mwenzake.

Ukishamaliza miezi mitatu

Jumlisha kila herufi peke yake. Halafu anza na H, na usianze na ile kubwa. Anza na ndogo ya kijinga, ile ya kutuma buku tano kwa nabii wa redioni kila Jumatatu, uiache wiki tatu uone kama pikipiki itakuja. Haitakuja, au itakuja kama ilivyokuwa inakuja siku zote. Hofu haiondoki kwa kubishana nayo kichwani, inaondoka kwa kuiona haijafanya kitu, na inachukua muda, mimi ya fungu la kumi ilinichukua karibu mwaka na bado mwezi wa kwanza bila bahasha niliendesha kama bibi harusi.

W usiikate, ibadilishe iwe ya wazi. Mimi sasa natoa mchango wa misiba, naenda jumuiya mara moja moja, nanunua mkungu mnadani. Mzee mmoja wa kanisa nilimwambia ukweli wote, nikachagua yule ambaye hapendi kuongea. Akaniambia nisipotee kabisa na akanidai elfu ishirini ya turubai.

I usiiguse, hata kama ni ndogo inakushangaza. Yule rafiki yangu wa Tanga alifungua daftari akidhani atakuta hofu tupu, akakuta swala ya alfajiri imejaa I tarehe hadi tarehe. Hitima amepunguza, sasa anasomesha kisomo kidogo cha kahawa na tende. Msikitini anaenda kuliko zamani. Tulipokuwa tunalinganisha madaftari yetu pale Kariakoo kwenye kahawa nilimwonea wivu kidogo, sitaficha.

Na tafadhali usitangaze kwenye grupu la familia. Najua utajisikia mwepesi, utataka kuandika aya ndefu Jumapili saa nne asubuhi. Weka simu chini.

Mama nilimwambia mwenyewe, kwa simu, saa mbili usiku. Shikamoo mama, marahaba baba, leo mmesoma neno gani. Nikasema leo sikwenda mama, na zile nyingine nyingi sikwenda, nilikuwa nasoma kalenda. Akasema, "Najua. Ulikuwa unahubiri vizuri kuliko wa huku." Halafu akaniambia wiki iliyopita mnadani wamemuuzia kuku elfu hamsini, jogoo mzee, amechemsha tangu saa nane mchana hajaiva, na kwa nini sikumwambia mapema maana alikuwa anajinyima usingizi kuniombea nisichoke kwenye mikesha.

Daftari bado ninalo, ninaendelea kuandika. Mwezi uliopita safu ya H ina mstari mmoja, shilingi 2,000. Kapu lilipita msibani Kimara, radi ilikuwa inapiga.